Mwanafunzi "wa kuona", "wa kusikia", "wa vitendo": bado tuwagawe hivi?

Wadau, tulijadili hili kwa hoja. Walimu na wazazi wengi wanaamini kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kujifunza: huyu kwa kuona, yule kwa kusikia, mwingine kwa kushika na kutenda, na kwamba akifundishwa kwa mtindo wake ataelewa zaidi. Mimi nasema mgawanyo huu hauna ushahidi wa kutosha, na unawaumiza watoto.

Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu, wanasaikolojia wa Marekani, walipitia tafiti zilizokuwepo. Swali lao: je, "wa kuona" hufaulu zaidi kwa picha, na "wa kusikia" kwa maelezo ya mdomo, kuliko wakibadilishana? Tafiti zilizopima hivyo barabara zilikuwa chache mno, na baadhi zilipinga dai lenyewe.

Mara nyingi somo ndilo linaloamua njia. Matamshi ya lugha ngeni sharti uyasikie, ramani sharti uione, uwe nani.

Sisemi wanafunzi wanalingana. Mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kutambua maneno) au usikivu hafifu anahitaji msaada mahsusi, na hapo sina ubishi kabisa. Hata darasani kwa kawaida tofauti ni kubwa, hasa katika kile ambacho mtoto tayari anakijua. Katika hesabu, asiyejua sehemu ni nini, hata umchoree duara zuri namna gani, robo na theluthi zitampita.

Kinachonisikitisha ni mtoto kuambiwa "wewe si wa kusoma" akiwa bado mdogo, naye akaamini na kuacha vitabu. Wakati huohuo kuna njia zinazowafaa wengi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki waliojipima bila kutazama maandishi waliwapita. Mwambie mwanafunzi afunike daftari, aandike damu inavyopita katika vyumba 4 vya moyo. Atakwama kwenye vali (vilango vya moyo), na hapo hapo atajua cha kurudia.

Mnaotetea mitindo: kuna aliyemfundisha mtoto yuleyule kwa njia "yake" na kwa njia nyingine, akampima baada ya wiki kadhaa na kulinganisha alama? Atueleze alichokipata.