Naomba ushauri: "eneo la wazi" la kwenye ramani ni korongo

Wakuu, habari za majukumu. Nipo Kiromo, Bagamoyo. Tulinunua viwanja kwa kampuni moja ya upimaji, na kwenye ramani tuliyooneshwa wakati wa kulipia kuna kipande kimepakwa kijani, kimeandikwa "eneo la wazi". Ukienda saiti, hicho kijani ni korongo. Masika maji yanafika kifuani. Watoto wanachezea mpira barabarani, magoli ya matofali, bodaboda ikija wanasogeza. Pale palipo tambarare, penye miembe miwili, juzi nimekuta bikoni mpya (alama za mipaka ya viwanja), saruji bado mbichi.

Ninachojua, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji. Je, inaweza kuibana kampuni itenge eneo linalofaa kwa bustani kabla ya kuidhinisha mchoro wa awamu inayofuata? Au tumsukume diwani apeleke hoja ya sheria ndogo, iwabane wauza viwanja wote? Kuna majirani wanasema tuchange tununue hapo penye miembe. Mimi hilo silitaki kabisa, maana kijani hicho ndicho walichotuvutia nacho.

Aliyewahi kupambana na jambo hili, iwe Tanga, Kibaha au Kigamboni, anisaidie: mlianzia kwa mwenyekiti, kwa afisa mipango miji, au kwa kamishna msaidizi wa ardhi mkoani? Na barua mliiambatanisha na nini zaidi ya nakala ya ramani na picha? Nataka iwe imefika kabla viwanja vya hapo penye miembe havijapata wanunuzi.