Pawabenki ya "30,000 mAh" nimeipasua, ndani kuna betri moja na MCHANGA

Wakuu, leo salamu fupi, nina hasira.

Mtaani kwetu umeme unakatika unavyojisikia, na kazi zangu zote ziko kwenye simu. Nikashuka Kariakoo kutafuta pawabenki. Kijana wa dukani akanichangamkia: "Bosi, chukua hii, mAh elfu thelathini, orijino kabisa, wiki nzima hutafuti soketi." Nikatoa 45,000 yangu. Risiti? Eti mashine haina mtandao.

Simu yangu ina betri ya 5,000 mAh (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba). Nimeichomeka ikiwa na asilimia 15, pawabenki inawaka taa zote nne. Haijafika hata 45, taa zote zimezima. Nikachukua bisibisi.

Ndani nimekuta kisaketi kidogo, betri moja ya duara ya 18650, zile za kwenye tochi, na pembeni vifuko viwili vya nailoni vilivyobandikwa kwa gundi. Nikatoboa kimoja. Mchanga! Mkavu, umechekechwa vizuri kuliko wa kupiga plasta. Maana yake kuna mtu kazi yake ni kupima mchanga ili ukiishika mkononi uone nzito, uridhike.

Sasa tufanye hesabu. Betri nzuri ya saizi ile inabeba kama 3,500 mAh. Ili ufike 30,000 unahitaji tisa, na tisa hazienei kwenye kile kidude hata uzipange kwa maombi. Tena hata pawabenki ya kweli haikupi namba yote ya kwenye boksi, kwa sababu betri ni volti 3.7 na simu inalishwa kwa volti 5, ukipandisha volti mAh zinapungua, na chaji nyingine inapotea kwa joto. Ya 20,000 ya kweli ikikupa 12,000 au 13,000, hapo hujaibiwa. Waungwana wanaiandika hiyo namba ndogo nyuma ya kifaa. Hawa wangu nyuma wameandika "Smart Quality" tu.

Cha kuchekesha, kwa namba ya boksi lile ni Wh 111 (Wh ni kipimo cha nishati, unazidisha mAh kwa volti kisha unagawa kwa 1,000), na mashirika ya ndege mwisho wao ni Wh 100 bila kibali. Ningenyang'anywa mchanga uwanjani!

Nimeirudisha. Yule yule aliyeniita bosi: "Kaka, sisi hatufungui, ndivyo zinavyokuja. Halafu umeshaipasua, garantii imekufa." Akanionyesha karatasi ukutani: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Garantii yenyewe sikuwahi kuiona ikiwa hai.

Na si pawabenki tu. Fleshi za 2TB za bei ya chipsi kuku zimechezewa, kompyuta inaonyesha 2TB, ukijaza kidogo faili mpya zinaandikwa juu ya za zamani, picha za harusi ya watu zinakwenda. Pakua H2testw, programu ya kompyuta ya kupima fleshi, uijaribu kabla hujaweka cha maana. Nyaya za Taipu C nazo, nyingine hazina nyaya za data kabisa, unachomeka kwenye laptopu haioni simu, unabaki kuilaumu laptopu.

Anayejua duka la Dar linalokubali uchomeke kipima USB (kidude cha kupima umeme unaotoka) palepale kabla ya kulipa, aliweke hapa tafadhali. Na nyie wauzaji mnaosoma kimyakimya, njooni mniambie: huo mchanga mnaununua kwa ndoo au kwa lori?