Mdogo wangu kazuiwa kuingia Ufaransa akiwa na visa ya Schengen, rufaa inakatwaje?

Pwani Moja: Habari wakuu. Mdogo wangu alikuwa anakwenda Ufaransa kwa shangazi, na visa ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Uwanja wa ndege wakamzuia, fomu imetiwa alama kwenye E na G, visa ikafutwa, karudishwa Dar. Anaweza kukata rufaa akiwa huku?

Kipanga: Pole sana mkuu. Anaweza. Kwanza angalieni karatasi alizopewa ni ngapi. Kuzuiwa kuingia na kufutiwa visa ni maamuzi mawili, kila moja na fomu yake. Mkipinga moja tu, la pili linabaki palepale, na hapo ndipo wengi wanakwama. Kuzuiwa hupingwa kwenye mahakama ya utawala, tribunal administratif, ndani ya miezi 2 tangu akabidhiwe fomu. Ada hakuna, wakili si lazima, ila barua iwe ya Kifaransa na nakala ya uamuzi iambatanishwe. Inatumwa mtandaoni kupitia Télérecours citoyens, tovuti ya mahakama hizo.

Mama Tanga: E ni kukosa nyaraka za kuthibitisha sababu ya safari na mahali pa kukaa. G ni fedha pungufu. Anayefikia kwa ndugu anatakiwa kuwa na attestation d'accueil, cheti cha mwenyeji kilichoidhinishwa na manispaa, pamoja na euro 32.50 kwa kila siku. Bila cheti wala hoteli iliyolipiwa, ni euro 120 kwa siku. Barua ya kawaida ya shangazi haitoshi. Cheti alikuwa nacho?

Pwani Moja: Alikuwa nacho, lakini kwenye begi lililopakiwa. Na fomu alisaini, si ndiyo amekubali?

Mama Tanga: Hapana, sahihi ile ni ya kupokea tu. Swali kubwa ni kama aliwaambia maofisa cheti kiko wapi. Kama alisema, liandikeni mwanzoni kabisa mwa barua. Kama alinyamaza, hoja ya E ni dhaifu, niseme ukweli. Jaji anapima hali ilivyokuwa siku ile, kwa hiyo taarifa ya benki ya mwezi huu haisaidii, tafuteni ya kabla ya safari.

Kipanga: Mjue pia kwamba akishinda, haki yake ni kurekebishiwa kumbukumbu, si kupewa tiketi nyingine. Bado ipiganieni, maana visa iliyofutwa hukaa miaka 5 kwenye mfumo wa visa wa Schengen, na kila ubalozi wa huko unaiona. Na kwa atakayezuiwa kesho Ufaransa: omba jour franc hapohapo, siku moja kamili kabla ya kurudishwa. Usipoiomba, hupewi.