Anamwambia mfanyakazi wangu namla jasho, halafu ananiambia "nipunguzie"!

Wakuu, naandika nikiwa nyuma ya kaunta, mikono inatetemeka. Asije mtu kuniambia nitulie. Na Mods, yaani wasimamizi wa jukwaa, msiunganishe uzi huu na ule wa kodi za nyumba.

Mtu mwenyewe mnamjua. Hapa jimbo la Washington, Marekani, kuanzia Seattle hadi Tukwila na Kent hakuna asiyemjua: yule asiyekosa msiba wala harusi, anayeshika maiki kabla hajaitwa. Leo kaingia dukani kwangu saa ya watu, foleni imefika kwenye friza la mihogo. Kasimama mbele ya dada wa kaunta, akamuuliza kwa sauti ya kusikika hadi Tacoma: "Dada, dola zako nne za korona umeshapewa? Kama bado, basi bosi wako anakula jasho lako."

Jasho lake! Mbele ya wateja! Halafu, hapa mnisikilize vizuri, maneno hayo hayajapoa, kanigeukia na mfuko wa unga mkononi: "Bosi, nipunguzie basi."

NIPUNGUZIE!

Sheria ya Seattle iliyoanza Februari 3 mwaka huu wa 2021, ya maduka ya vyakula kuwaongezea wafanyakazi dola 4 kwa saa kwa ajili ya korona, inawabana wenye wafanyakazi 500 au zaidi duniani. Mia tano! Mimi ninao watatu, na mmoja ni shemeji yangu. Tena duka lenyewe lizidi futi za mraba 10,000. Langu lote ukilibeba na friza zake, linaenea kwenye kona ya maua ya supamaketi anakofanya kazi yeye. Sheria haijanigusa. Mdomo wake ndio umenigusa.

Wala siipingi hiyo dola nne. Watu wamesimama kaunta mwaka mzima wanakoholewa usoni, wapewe. Kroger, wale wenye supamaketi nyingi, walitoa dola 2 kwa saa za "mashujaa" mwaka jana, ilipofika Mei wakazikata na korona ipo palepale. Hao wabanwe! Lakini mimi? Dola 4 mara saa 40 ni 160 kwa wiki, kwa mtu mmoja. Watu watatu, 480. Na kwenye vyakula ukiuza vya dola 100 ukabaki na 2 mkononi, unashukuru Mungu. Yaani niuze vya dola 24,000 zaidi kila wiki, ili nimridhishe mtu anayetaka punguzo la unga!

Na hakuishia hapo. Wakati anatoka kamwambia dada: "Njoo kwetu, wanaajiri." Na namba ya simu kamwachia. Ndani ya duka langu! Kwao kima cha chini mwaka huu wa 2021 ni dola 16.69, ongeza hizo 4, anaondoka na 20.69 kwa saa. Mimi nazitoa wapi? Hapo ndipo sisi wadogo tunapoumizwa na sheria isiyotutaja kabisa, na hakuna diwani aliyekuja kutuuliza. Tangu jamaa aondoke, dada anapanga nyanya kimya kimya. Najua anapiga hesabu. Akienda sitamlaumu, nitamlaumu yule wa "nipunguzie".

Mpemba wa Kent: Mkuu, tujibu kwanza. Ulimpunguzia?

Mwenye uzi: Hata senti! Akasema basi niandikie.

Mpemba wa Kent: Ukamwandikia?

Mwenye uzi: Nitamwandikiaje wakati la Desemba hajalipa?!

Mama Wawili: Mimi nilikuwa kwenye hiyo foleni. Sauti haikufika Tacoma, mwenye duka usituongopee. Ila "nipunguzie" nimeisikia kwa masikio yangu.

Chai ya Tangawizi: Hasira zote hizi na hujasema dada unamlipa ngapi. Nimeweka kiti, nasubiri.

Mwenye uzi: Namlipa zaidi ya kima cha chini, na sikukuu anaondoka na kuku wake. Muulize mwenyewe.

Chai ya Tangawizi: Kuku halipi kodi ya nyumba, mkuu.

Stoo ya Usiku: Na hao wa dola nne msiwaonee wivu sana. Tumeshangilia, hata wiki mbili hazijaisha, Februari 16 Kroger wakatangaza wanafunga supamaketi zao mbili za QFC hapa Seattle, ya Wedgwood na ya 15th Avenue kule Capitol Hill. Kisingizio ni hiyo hiyo dola nne. Long Beach, California, wametangaza kufunga mawili vilevile. Mfanyakazi akipata, anaonyeshwa mlango.

Mwenye uzi: Umeona? Wakubwa wenyewe wanalia, mimi wa mihogo ndiye naitwa mla jasho!

Mlezi wa Zamu: Mnagombea dola nne mkiwa nyuma ya vioo vya plastiki. Sisi tunaogeuza wazee vitandani, huu ugonjwa ulipopiga kituo cha wazee hapa jirani Kirkland mwaka jana tulikuwa wapi? Ndani! Tukaletewa pizza na bango la kutuita mashujaa. Nani katutungia sheria?

Dereva wa Oda: Sisi tumetungiwa tangu 2020, dola 2.50 kwa kila oda ya chakula tunayopeleka Seattle. Tangu hapo bahashishi zimekauka. Mteja anakuambia si jiji linakulipa?

Mlezi wa Zamu: Wewe uko kwenye gari lako, hakuna anayekukoholea shingoni.

Dereva wa Oda: Gari langu, sawa. Mafuta unanijazia wewe?

Mlezi wa Zamu: Nikujazie kwa pizza?

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye uzi! Mtu anakutukana halafu anasema NIPUNGUZIE. Nipunguzie!

Bibi Dagaa: Mwenye duka, pole. Dagaa wa Mwanza wamefika? Wa mara ya mwisho walijaa mchanga.

Mpemba wa Kent: Bibi, chukua wa Kigoma, hutajuta.

Mama Wawili: Wa Kigoma wamepanda bei, kila ukiuliza unaambiwa kontena, kontena.

Bibi Dagaa: Na yule wa kule Kent msinitajie kabisa. Kaniuzia kisamvu, nimekiyeyusha, barafu tupu, majani hayajai kiganja! Ngojeni nimfungulie uzi wake.

Mama Wawili: Weka na picha, bibi.