Mende kwenye nyumba ya kupanga: jeli, dawa ya kopo, boriki au kuita wapulizaji?

MpangajiSinza
Wakuu, habari za usiku. Naomba ushauri wa waliowamaliza kabisa, si waliowapunguza.

Nimepanga Sinza, ghorofa ya pili, jengo lina fleti kumi na mbili. Dalali alinionyesha nyumba saa saba mchana, jua linawaka, kila kitu kinang'aa, nikalipa kodi ya miezi sita. Usiku wa kwanza nimeamka kumchotea mtoto maji, nawasha taa ya jikoni, ukuta juu ya sinki ukatawanyika. Mende wadogo wa kahawia. Wapo kwenye droo ya vijiko, nyuma ya friji, ndani ya saa ya ukutani. Juzi nimefungua kopo la sukari nililolifunga kwa mkono wangu, nikamkuta mmoja kwenye mfuniko.

Nimeshamaliza makopo matatu ya dawa ya kupuliza na chaki mbili. Wanakufa, nafagia, haziishi wiki tatu wamerudi. Mwanangu ana miaka mitatu na ana pumu. Tangu tuhamie hapa usiku anakohoa kuliko alivyokuwa tulikotoka.

Nafikiria haya: (a) kuendelea kupuliza lakini dawa kali zaidi, kuna kijana anapita na spika anauza ya chupa, (b) jeli ya matone, nimeiona dukani ila bei yake na udogo wa ile bomba vinanitia wasiwasi, (c) unga wa boriki, (d) kuwaita wanaopuliza nyumba nzima. Baba mwenye nyumba nimempigia, anasema mende huletwa na uchafu wa mpangaji. Nisaidieni.

KaraniIlala
Pole sana mkuu. Hiyo (a) ifute. Mimi nilipuliza jikoni Jumamosi usiku, nikafunga mlango, nikalala nikijua yamekwisha. Jumapili jirani tuliyepakana ukuta akanigongea, anauliza kama na kwangu wameingia ghafla. Walipita kwenye tundu la bomba la maji. Naye akapuliza, wakarudi kwangu. Tumeishi hivyo miezi minne, kila mmoja anamwona mwenzake mchafu.

FundiDawa
Kazi yangu ni kuua wadudu majumbani, huu mwaka wa tisa. Kabla hujachagua dawa, tuambie mende wako ni yupi, maana pesa nyingi za watu zinapotelea hapo.

Yuko mkubwa, kahawia inayokwenda kwenye wekundu, anafika sentimita 4, na joto likizidi anaruka. Huyo kwao ni kwenye chemba, mashimo ya choo na mitaro. Ndani kwako anakuja kutafuta tu. Wa namna hiyo unaanzia kwenye chemba na vichujio vya bafuni, kabatini utakuwa unajisumbua.

Yuko mdogo, sentimita moja na nusu hivi, kahawia iliyopauka, ana mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Vitabuni ni mende wa Kijerumani, jina alilopewa na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1767. Ujerumani siko alikotoka: uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 umeonyesha asili yake ni Asia, upande wa India na Myanmar. Huyu porini hayupo. Anaishi palipo na watu, joto, maji na makombo.

Fanya hivi: zima taa, subiri nusu saa, kisha chukua tochi ukaangalie mpira wa mlango wa friji na mota ya nyuma. Halafu urudi hapa.

MpangajiSinza
Nimetoka huko sasa hivi. Ni wadogo, mistari miwili ipo. Nimefunua mpira wa friji kwa ncha ya kisu. Mkunjo wote wa chini umejaa watoto weusi, wengine hawazidi punje ya ufuta, na uchafu kama kahawa iliyosagwa. Mmoja mkubwa ana kitu mkiani, kinafanana na punje nyembamba ya kunde, anakimbia nacho. Harufu yake kama mafuta yaliyochacha. Chakula cha usiku kimenishinda.

FundiDawa
Hicho cha mkiani ni kifuko cha mayai. Ndani mna mayai 30 hadi 40. Jike wa aina hii hakiachi popote, anakibeba mpaka kuangua kunapokaribia, na dawa ya kopo haipenyi ganda lake. Kwa hiyo unaua wakubwa leo, na baada ya wiki mbili tatu jikoni pamejaa watoto. Si kwamba dawa ilikuwa feki.

Kwako nasema (b). Mende akila tone la jeli hafi palepale. Anarudi kwenye ufa wake na kufia huko. Wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake, hasa vile vitoto ulivyoviona kwenye mpira, ambavyo havitoki kwenda mbali. Sumu aliyokula mmoja inawafikia usiowaona. Dawa ya kopo inamuua uliyemlenga, basi. Kwenye pakiti tafuta fipronili, imidaklopridi au indoksakabu.

Sasa watu wanavyoiharibu. Mmoja anaminya donge sehemu moja, wakati yanatakiwa matone kama punje ya mchele, sehemu thelathini na zaidi: kwenye bawaba za kabati, chini ya sinki bomba linapoingia ukutani, kando ya mota ya friji, chini ya jiko la gesi, nyuma ya droo ukiichomoa. Mwingine anaweka jeli asubuhi na jioni anapuliza kopo hapohapo. Jeli ikishika harufu ya dawa hawaigusi tena. Na mwingine anaacha sufuria ya ugali imelowekwa usiku kucha. Mende mwenye ukoko na maji hana haja na tone lako. Sinki ikaushwe kwa kitambaa kila usiku, ndoo ya taka ifungwe, na ile trei ya maji chini ya friji, ambayo wengi hata hawajui kama ipo, imwagwe. Bila chakula mende anaweza kufikisha mwezi akiwa na maji. Bila maji wiki mbili ni nyingi kwake.

MamaPacha
Mimi nilitumia boriki na iliniondolea. Ni ule unga mweupe ambao kaka zetu walikuwa wakinyunyiza kwenye ubao wa keram ili kete ziteleze. Siku hizi unga mwingine wa keram hauna boriki, kwa hiyo nunua ulioandikwa asidi ya boriki. Bei yake ni nafuu mno, pakiti moja ilitosha nyumba nzima na ikabaki.

Mwanzoni nilikosea. Niliumwaga vilima vilima kama unga wa kusukumia chapati, wakawa wanavizunguka. Unatakiwa uwe utando mwembamba ambao hata wewe huuoni vizuri. Anapita, unamshika miguuni na kwenye vipapasio, anajisafisha kwa mdomo, anakuwa ameumeza. Nilitumia chupa tupu ya poda ya mtoto kuunyunyiza nyuma ya kabati lililogongelewa ukutani. Ukilowa hauna kazi, na haraka hauna, mimi ulinichukua kama wiki mbili kuona tofauti.

Nesi77
Dada MamaPacha, nakuomba hiyo chupa uitupe leo. Mtu akija kukusaidia kuogesha mapacha ataishika akijua ni poda. Boriki mtoto akiimeza ni sumu. Itie kwenye chombo kisichofanana na kitu chochote cha mtoto na uandike juu yake.

Mwenye uzi, kwa huyo wa spika usinunue kabisa. Mara nyingi ni chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kitu cheupe, haina jina, haina kipimo. Nimewahi kumpokea mtoto zamu ya usiku, aliinywa akidhani maziwa. Mate yanamtoka bila kukoma, amelowa jasho, mboni za macho zimebana kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma. Tulihangaika naye hadi alfajiri, akapona. Mama yake alikuwa ameiweka chini ya sinki, mahali ambapo kila mtu anaweka. Tafuta dawa yenye lebo na namba ya usajili, kwa Tanzania ni ya TPHPA, mamlaka inayosajili viuatilifu, kwa wenzetu wa Kenya ni ya PCPB, bodi yao ya kazi hiyohiyo.

Na kikohozi cha mwanao hujakidhania. Kinyesi, mate na maganda ya mende ni vichochezi vya pumu vinavyojulikana. Hata wakifa wote, vumbi lao linabaki. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, usifagie pakavu mtoto akiwa ndani. Moshi wa dawa ya kopo nao unambana kifua, kwa hiyo hata mimi nasema jeli, iwekwe asipofika mkono wake.

MwanaLikoni
Salaam. Mimi ni keateka wa jengo la nyumba kumi na sita hapa Mombasa, nataka kusemea (d). Tuliwaleta wapulizaji mara mbili na pesa ikaenda bure, kwani tulipulizia waliolalamika peke yao. Mende wakahamia kwa walionyamaza. Mara ya tatu tukapanga siku moja, nyumba zote, kila mtu atoe vyombo kabatini. Kabla ya hapo fundi aliziba kwa saruji matundu yote ya mabomba kati ya ghorofa na ghorofa. Wale jamaa tuliwapa sharti warudi baada ya wiki tatu, na malipo ya mwisho wakayapata waliporudi. Hapo ndipo tukapumua. Anayekwambia atapuliza mara moja na yatakwisha, usimpe kazi.

Kuhusu landilodi wako: wagongee wa juu yako na wa chini yako uwaulize. Wakiwa nao, hilo ni la jengo, si la sufuria zako. Huku Kenya Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, inaihesabu nyumba iliyojaa wadudu hadi kudhuru afya kuwa ni kero, na afisa wa afya anaweza kumwandikia mwenye nyumba. Huko kwenu anza kwa afisa afya wa kata. Lakini mwende wengi. Mpangaji mmoja huambiwa ahame.

BintiMakunduchi
Kwetu bibi anaweka karafuu na majani ya mdalasini kabatini, na kabati lake halina hata mmoja. Mbona hakuna aliyetaja?

FundiDawa
Bi mdogo, kabati la bibi naamini ni safi na kavu, na hilo lina uzito kuliko karafuu. Harufu kali inaweza kumhamisha mende droo hii kwenda ile. Kwa nyumba yenye vifuko vya mayai kwenye friji, sitamshauri mtu ategemee hilo.

KijanaMbezi
Mimi jeli niliweka. Mwezi wa kwanza walikufa hadi nikafurahi, baadaye wakawa wanapita pembeni ya tone kama hawalioni.

FundiDawa
Hiyo ipo na imeandikwa. Mwaka 1993 watafiti Marekani walieleza kuhusu mende wa aina hii wanaokataa glukosi, sukari inayotiwa kwenye chambo. Wale wanaoipenda wanakufa, wanaoichukia wanabaki na kuzaana. Badilisha: chukua jeli ya kampuni nyingine, yenye dawa tofauti, na ile ya zamani uifute kwanza. Kwa sababu hiyohiyo boriki ya MamaPacha haijapitwa na wakati. Haimtaki mende aonje, inamtaka apite. Sehemu kavu zilizofungwa, ambapo mtoto hafiki, mimi mwenyewe naitumia.

MpangajiSinza
Narudi baada ya wiki sita, niliahidi nitarudi.

Nilifungua kundi la WhatsApp la jengo. Fleti tisa kati ya kumi na mbili zilikubali kuweka jeli ndani ya wiki ileile. Ilikuwa kazi, maana kila mtu aliona aibu kusema anao, mpaka nilipotuma picha ya friji yangu. Mama wa ghorofa ya chini akaandika, "Kumbe si mimi peke yangu," na baada ya hapo wakafunguka wote.

Mimi nilitumia bomba mbili za jeli. Wiki ya kwanza niliogopa: walikuwa wanatoka mchana kweupe, wanayumba, wanalala chali katikati ya sakafu. Wiki ya pili nilikuwa nafagia wengi kila asubuhi, kwa kitambaa chenye maji kama alivyosema nesi. Wiki ya tatu vitoto vikatokea, nikataka kukimbilia kopo, nikakumbuka uzi huu, nikaweka matone upya. Boriki niliiweka nyuma ya kabati la ukutani tu.

Nimekuwa nikiweka mtego wa gundi chini ya sinki kila Jumamosi ili nihesabu. Wa kwanza ulinasa 43 kwa usiku mmoja. Wa Jumamosi iliyopita ulinasa wawili.

Kwa baba mwenye nyumba tulikwenda watu watano. Alianza na lile la uchafu, yule mama wa chini akamwambia amekaa humo miaka saba na aje aonyeshwe huo uchafu. Amelipa fundi, matundu ya mabomba yamezibwa upande wa jikoni. Bafuni bado.

Mwanangu wiki hii ameamka kukohoa usiku mmoja tu. Pampu yake bado tunayo karibu na kitanda.

FundiDawa, swali moja. Fleti ya juu yangu imefungwa, mpangaji amesafiri mpaka mwezi wa kumi na ufunguo ameondoka nao. Wale wawili wa Jumamosi nadhani wameshuka huko, kwenye bomba la bafuni. Nifanyeje?

FundiDawa
Hongera, na uwape hongera wa fleti tisa. Usimsubiri fundi wa bafuni. Nunua silikoni uzungushie bomba pale linapotokea kwenye dari. Weka matone manne upande wako na mtego mmoja chini yake. Ukinasa hata mmoja, badilisha matone siku hiyohiyo. Mwenye fleti akirudi, mgongee siku anayofungua mlango, kabla hajapanga vyombo.