Mteja anataka vioo vitupu upande wa magharibi, programu inanipa majibu mawili: nimpe lipi?

Mchora_Ramani
Wakuu, habari za jioni. Nachora ofisi ya ghorofa nne Kinondoni, kama mita za mraba 1,200. Upande unaotazama barabara ni magharibi, na mteja anataka wote uwe vioo. Nimeliingiza jengo kwenye EnergyPlus, programu ya kukadiria matumizi ya nishati ya jengo, nijue umeme wa viyoyozi mapema, ramani ikiwa bado inabadilika. Mara ya kwanza nimepata uniti 118,000 kwa mwaka. Nikapandisha kiyoyozi kutoka nyuzi 22 hadi 25 na kupunguza saa za watu kuwepo ofisini, ikashuka hadi 79,000. Jengo ni lilelile! Mteja ataniuliza bili itakuwa ngapi, na sitaki kumdanganya. Naombeni ushauri.

Kipimajoto
Mkuu, bili usimpe. Programu haijakosea, wewe ndiye uliyeiuliza maswali mawili. Inapiga hesabu kwa saa zote 8,760 za mwaka kwa kufuata ulichoiambia: watu wanaingia lini, kompyuta ngapi, rimoti imewekwa ngapi. Hayo leo hakuna anayeyajua, hata mteja. Inachoweza kukueleza vizuri ni tofauti kati ya ramani hii na ile. Acha mengine yote yalivyo, badilisha vioo peke yake, kisha rudia kwa mpangilio wako wa pili.

Dada Mjenzi
Kabla ya hapo shika kalamu. Chukua mita za mraba 100 za kioo cheupe. Jua la alasiri liwe wati 500 kwa kila mita ya mraba, na kioo kipitishe asilimia 80 ya joto lake. Hizo ni kilowati 40. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaondoa kilowati 3.5 tu. Maana yake viyoyozi 11 vinahangaika na vioo peke yake, watu na kompyuta bado hujawahesabu. Mteja asiyeelewa uniti ataelewa viyoyozi 11.

Na kama programu inapishana sana na hesabu hiyo, kagua kaskazini ya modeli yako. Mimi niliwahi kuligeuza jengo zima bila kujua, nikagundua siku mbili kabla ya kuwasilisha. Tangu hapo ndicho kitu cha kwanza ninachokiangalia.

Mchora_Ramani
Asante dada. Je, nikiweka kibaraza cha zege juu ya kila dirisha?

Dada Mjenzi
Kaskazini na kusini kitakusaidia sana, maana Dar jua la mchana liko juu. Magharibi hapana. Saa kumi na moja jioni jua limebaki nyuzi kama 20 tu juu ya upeo, linapita chini ya kibaraza na kuingia hadi mezani. Huko weka mapezi ya kusimama yaliyoinamishwa (mbao au bapa za wima za kukinga jua), au punguza kioo chenyewe. Yajaribu yote mawili humo humo kwenye programu, kuchora pezi ni kazi ya dakika chache.

Baharia wa Upanga
Faili la hali ya hewa ulilotumia huenda ni la uwanja wa ndege. Ukipanga kufungua madirisha, usiutegemee upepo ule. Kati ya maghorofa haufiki hivyo.

Kipimajoto
Kingine: mteja ana ofisi anayotumia sasa? Mwombe kumbukumbu za manunuzi ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) za mwaka mzima. Iingize ofisi hiyo kwenye programu, rekebisha saa na joto la viyoyozi mpaka ikaribie manunuzi yale, kisha tumia tabia hizo hizo kwenye jengo jipya.

Mchora_Ramani
Nimerudi, wakuu. Nimepunguza vioo vya magharibi vibaki theluthi moja na kuweka mapezi. Mpangilio wa nyuzi 22 umeshuka kwa asilimia 21, wa nyuzi 25 kwa asilimia 23. Kumbe uniti zinatofautiana sana, lakini ramani bora ni ileile kwa vyovyote. Kesho nampelekea mteja michoro miwili na hesabu ya viyoyozi 11. Kumbukumbu za LUKU ameahidi kunitafutia wiki hii.