Naombeni ushauri: mpelelezi wangu yumo edani, mapenzi nayatia wapi?

FundiWaManeno (Wete)

Assalaam alaykum jamani. Mie mwalimu wa msingi, nakaa Wete, kisiwani Pemba, na huu mwaka wa pili nnaandika riwaya usiku watoto wakishalala. Nimefika sura ya tisa nimekwama. Mume wangu kashachoka kunisikiliza, kila nikifungua mdomo anauliza "Zuhura tena?", kwa hiyo nakuleteeni nyinyi.

Zuhura ana miaka 31, ni fundi cherehani. Mumewe Haji alikuwa mpima karafuu wa tajiri mmoja mwenye mashamba, mtu wa mzani na daftari, maneno hana. Waliozeshwa, wamekaa miaka minne, mtoto hawana, wakiishi kwa heshima tu, kila mtu na lake. Msimu wa karafuu umepamba moto, kusi linavuma, usiku mmoja Haji hakurudi nyumbani. Asubuhi ya tatu anaokotwa ufukweni karibu na Mkoani, kafa maji. Maneno yakaenea siku hiyo hiyo: ati alikuwa akivusha karafuu za magendo kwenda Mombasa, dau limetoka Wete likamzamia. Matanga hayajaondoka, mtaa ushahukumu.

Zuhura hasadiki, kwa sababu moja: Haji akiogopa maji. Pwani akienda haendi zaidi ya magoti. Lakini yumo edani, miezi minne na siku kumi, na hapo ndipo nilipoipenda hadithi yangu. Mpelelezi asiyetoka! Habari zinamfuata mwenyewe: wanawake wanakuja kumpa pole, wanaleta nguo za kushona, watoto anawatuma dukani wanarudi na chenji na maneno. Fundi anajua nani kanenepa, nani kakonda kwa mawazo, na nani ghafla analeta kitambaa cha bei asichokimudu.

Sasa shida yangu. Nilitaka riwaya ya mapenzi. Kuna Salim, karani wa ghala, rafiki wa marehemu. Analeta vitu vya Haji, anakaa barazani, mlango nusu wazi, wifi mtu yuko ndani anachambua mchele anasikiliza kila neno. Salim naye ni mtuhumiwa. Kufika sura ya tisa nataka mioyo yao ielekeane, na kila nikiandika nahisi Zuhura ananitazama kwa jicho baya. Nikimtoa Salim nabakiwa na upelelezi mtupu. Nisubiri eda ikatike ndiyo wapendane? Au nibadilishe hadithi nzima?

ShogaWaNgambo

Kaburi bichi ushamtafutia bwana! Nimecheka peke yangu ndani ya daladala, watu wakanitazama.

Lakini usiache, nakuomba. Sisi hadithi za upelelezi tumezianza mapema. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla yumo vitabuni na kiko chake tangu 1960, naye si polisi, ni mtu wa akili zake tu. Ila hebu mwulize mtu akutajie mpelelezi wa kike wa Kizanzibari, uone atakavyokuna kichwa. Na kazi hiyo kwa kweli ni yetu. Nani anayejua siri za mtaa kuliko mpaka hina, mpishi wa shughuli na fundi nguo?

Kuhusu kusubiri, mie nasema usisubiri. Msomaji wa mapenzi hakai kurasa mia mbili bila hata jicho kuinuliwa. Salim abaki.

MsomaUsiku

Waalaykum salaam. Dada, kabla hujaibadilisha hadithi, itazame eda yenyewe vizuri, maana naona umeiandika kama kifungo, na sivyo.

Mjane wa Kishafii, kama sisi wengi huku, anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja yake, mradi usiku alale nyumbani kwake. Hospitali anakwenda, akiitwa kutoa ushahidi anakwenda. Kwa hiyo akitoka mara moja tu katika kitabu kizima, na awe na haja ya kweli, kutoka huko kutakuwa na uzito kuliko mpelelezi wa mjini anayezurura na gari. Hebu mpe safari moja ya mchana, na jua linakuchwa bado yuko mbali na nyumbani. Hapo nitasoma bila kupumua.

Na mapenzi je? Posa ya wazi kwa mjane aliyemo edani haifai, lakini kuashiria kunaruhusiwa, na hilo limo katika Suratul Baqara, aya ya 235. Fikiria mwenyewe: mtu anayeruhusiwa kuashiria tu, na mwanamke ambaye kazi yake ni kufasiri ishara. Salim akisema "mikarafuu ya nyuma imezaa sana mwaka huu, inataka mtu," Zuhura ajiulize: ananiashiria, au ananidokeza pa kutafuta? Hajui. Nasi hatujui. Ishara moja, maana mbili, na zote mbili za hatari.

Jambo jengine. Aliyemo edani hajitii manukato, wala wanja, wala hina. Pua yake iko safi siku zote hizo, na kwa mwezi wa mwandamo ni siku kama 128. Atanusa kila anayeingia.

NahodhaMstaafu

Mie mapenzi siyajui, nimeoa mara moja na yatosha. Nazungumza bahari.

Umesema kusi linavuma na dau limetoka Wete kwenda Mombasa. Vizuri, upepo uko mgongoni. Lakini wakati wa kusi upepo unasukuma kaskazini na mkondo nao unakwenda kaskazini, tena kwa nguvu. Mtu aliyezama nje ya Wete utamtafuta Konde, utamtafuta Msuka, au humwoni tena. Mkoani kafikaje? Mkoani iko kusini kabisa! Kapiga makasia akiwa maiti?

Ama umekosea, dada, ama hiyo ndiyo kesi yako yote na hujaijua.

FundiWaManeno (Wete)

Nahodha, nimekosea. Wallahi nilichagua Mkoani kwa sababu shangazi yangu anakaa huko na napajua pwani yake. Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

MsomaUsiku, Allah akulipe kheri. Hiyo ya pua sikuifikiria kabisa. Wawi kuna kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na harufu ya mafuta yale si ile ya karafuu zilizoanikwa uwanjani, ni kali zaidi, inakaa nguoni. Msimu huu Pemba nzima inanuka karafuu, hakuna anayeisikia tena. Zuhura ataisikia tofauti.

AskariWaZamani

Kwa ufupi. Maiti iliyookotwa pwani haiendi moja kwa moja kuoshwa. Sheha, yule kiongozi wa mtaa, anapewa habari, polisi wanaandika, daktari anautazama mwili, ndipo jamaa wanakabidhiwa. Jamaa kwa kawaida wanataka kuzika haraka na wanabembeleza. Kama kuna pengo katika hadithi yako, liweke hapo: nani alibembeleza zaidi kuliko mjane mwenyewe?

Na tafadhali polisi wako wasiwe wajinga. Kila riwaya polisi ni mjinga, tumechoka.

MchumaMikarafuu

Naongeza la mzani, maana mumewe ni mpima. Wachumaji tunalipwa kwa pishi, kile kipimo cha ujazo, karafuu ikiwa mbichi. Ikishachambuliwa makonyo na kuanikwa siku nne tano za jua zuri, inapungua sana. Kilo tatu mbichi zinakupa kama kilo moja kavu. Kwa hiyo mwenye daftari la pishi mbichi anajua kavu iwe kiasi gani. Zikiwa pungufu na jua lilikuwa zuri, kuna gunia limetembea usiku. Haji lazima alijua. Huo wizi anauona mtu wa mzani tu, mwengine hawezi.

UkutaWaMawe

Nimesoma uzi wote na nataka kupinga mnavyokwenda. Nyote mnamtafutia Salim nafasi. Dada, kila ukiandika unasema Zuhura anakutazama kwa jicho baya. Msikilize! Hamtaki Salim.

Umetwambia waliishi miaka minne kwa heshima, kila mtu na lake. Yaani huyu mwanamke hakumjua mumewe. Sasa kafa, na kumpeleleza aliyemuua kunamlazimu kwanza ampeleleze Haji mwenyewe. Alikuwa na nani, alikwenda wapi, alikuwa akificha nini. Ataanza akiogopa kumkuta mwanamke mwengine au magendo. Akute kitu chengine. Hayo ndiyo mapenzi yako, anampenda mumewe edani, na eda kila siku inapungua. Mtu wa kawaida anahesabu siku za eda ziishe. Huyu atakuwa wa kwanza kutaka zisiishe.

ShogaWaNgambo

Weee! Mie nataka mwanamme anayepumua! Nimetoka kazini nimechoka, nipende maiti?

Lakini (nasema kwa uchungu) nimepata baridi niliposoma hiyo ya siku zisiishe.

MsomaUsiku

UkutaWaMawe ana hoja, ila hatari yake ni kwamba Haji atakuwa malaika. Marehemu wote wetu ni malaika. Mpe aibu yake, mpe woga. Labda aliujua wizi miezi mitatu akanyamaza.

FundiWaManeno (Wete)

Samahanini kwa kupotea siku nne, mitihani ya darasa la sita.

Nilimkasirikia UkutaWaMawe siku ya kwanza. Siku ya pili nikafungua sura ya tatu, pale Zuhura anapopewa daftari la mumewe, na nikaona nimeliacha tupu, lina tarakimu tu. Nikaandika upya. Mbele kuna pishi na kilo, kama alivyosema MchumaMikarafuu. Nyuma kuna majina ya wanawake wachumaji, kila jina na tarehe. Zuhura anapata wivu, majina ishirini na kitu! Halafu anayatambua mojamoja. Ni wateja wake. Miaka minne akidhani wanakuja kwa sifa ya mkono wake. Haji ndiye aliyekuwa akiwatuma, kila akimaliza kumpimia mtu anamwambia, "Ukitaka kushona, nenda kwa mke wangu." Hakumwambia hata siku moja.

Na wanawake hao hao ndio waliopunjwa, na ndio walioona magunia yakitembea. Wote wanapita kwake kupimwa nguo. Mashahidi wake kaletewa na marehemu.

Nimelia kidogo, sikufichi. Mume wangu kaja kuuliza kuna nini, nikamwambia kalale.

MsomaUsiku, Haji aliujua wizi na alinyamaza. Si miezi mitatu, msimu mzima. Salim yupo bado, na kuashiria ataashiria, lakini Zuhura hatomjibu ndani ya kitabu hiki. ShogaWaNgambo, usinichukie, labda kitabu cha pili.

ShogaWaNgambo

Nakuchukia. Lini kinatoka?

NahodhaMstaafu

Yote mazuri. Na ile maiti umeipeleka Konde?

FundiWaManeno (Wete)

Hapana, ami. Nimeiacha Mkoani.